Mapenzi ya Jukwaa na Kazi ya Mwalimu

Katika vyuo vyetu vya ualimu, mapenzi ya michezo ya kuigiza na sinema huhesabiwa kuwa ni mambo ya Jumamosi jioni. Mkufunzi anayesafiri kutwa nzima ili akaone tamthilia huonekana ni mtu wa starehe, na yule anayeshinda akisahihisha maandalio ya masomo huonekana ni mtu wa kazi. Sisi tunaoandika makala haya tu miongoni mwa hao wa kwanza, wala hatuoni haya kulisema. Nia yetu ni kuonyesha kwamba mapenzi hayo, yakitumiwa kwa utaratibu, ni zana ya kufundishia. Na kwamba katika mahali kama Ulaya, zana hiyo haifai kuachwa.

Yafaa msomaji wa mbali aelewe kwamba Ulaya tunayoizungumzia si bara la Wazungu. Ni kata ya wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, upande wa kuelekea Mikumi. Wakazi wake wengi ni wakulima, na kandokando yao wapo wafugaji. Jumba la sinema halipo, wala ukumbi wa michezo. Mwanachuo anayekwenda huko kwa mazoezi ya kufundisha hukuta ubao, uwanja na mwembe. Swali letu ni hili: je, vitu hivyo vitatu vyatosha kuwa jukwaa?

Mapenzi yetu sisi, kama ya vijana wengi wa rika letu, yalianzia katika kibanda cha video. Tulikalishwa juu ya mabenchi, tukaona sinema za Bara Hindi na za China ambazo lugha zake hatukuzijua, na mfasiri mmoja, kama vile marehemu Lufufu aliyesikika nchi nzima, akawasemea wahusika wote kwa Kiswahili: shujaa, adui, mama mzazi na hata mlinzi wa mlangoni. Baadaye zikaja filamu za kwetu, kama Girlfriend ya mwaka 2003, na umaarufu wa Steven Kanumba, ambaye kifo chake mwaka 2012 kilililiwa na maelfu ya watu. Na mwaka 2021 ikatoka Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, tukaona jinsi kitabu cha shuleni kinavyoweza kuvaa mwili.

Lakini jukwaa lenyewe tulilijua Bagamoyo, katika tamasha la chuo cha sanaa, kile kilichoanzishwa mwaka 1981 na ambacho tangu mwaka 2007 chaitwa TaSUBa. Hapo tulitambua jambo ambalo kibanda cha video hakikutufundisha. Sinema haitusikii, tukicheka au tukilia, yenyewe inakwenda kama ilivyopangwa. Mwigizaji wa jukwaani anatusikia. Tukicheka husubiri, tukinyamaza huongeza ukimya wetu, na mtazamaji akimjibu kwa sauti, hujibiwa. Mwalimu mzuri anafanana na nani kati ya hao wawili? Wengi wetu, tukiwa na andalio mkononi, tunafundisha kama sinema.

Tulitambua pia kwamba kwetu wimbo na ngoma havikutenganishwa na maneno. Wenzetu wa London na New York wana aina maalumu ya mchezo wa nyimbo, na hujaza kumbi kila usiku kuuona. Mmojawapo, The Lion King, ulifunguliwa New York mwaka 1997, na wahusika wake wanaitwa Simba, Rafiki na Pumbaa. Watoto wa Ulaya, ambao hifadhi ya Mikumi ni jirani yao, wangeshangaa kusikia kwamba maneno yao ya kila siku yanaimbwa huko mbali na watu wakalipia. Nasi tunazo ngonjera, ambazo Mathias Mnyampala alizipeleka mbele wakati wa Azimio la Arusha, na shule zikazikariri kwa sauti na vitendo.

Sasa tutazame darasani. Tamthilia inafundishwa vipi? Mara nyingi mwalimu husoma, wanafunzi hufuata kwa vidole, kisha huandikwa ubaoni dhamira, wahusika na mandhari. Tuchukue Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969, inayohusu Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907. Mwishoni Kinjeketile yumo kifungoni, naye anatakiwa akiri kwamba maji yale yalikuwa uongo. Anakataa. Mwanafunzi anayesoma kwa kidole huandika: "Kinjeketile alikuwa na msimamo." Mwanafunzi aliyeambiwa asimame na kuwa Kinjeketile hawezi kuishia hapo. Lazima aamue: akatae kwa sauti kubwa au ndogo? Amtazame mlinzi au atazame chini? Je, mwenyewe bado anaamini maji, au anawalinda tu waliokwisha kuamini? Haya ndiyo maswali ya fasihi, na mwili ndio uliomlazimisha kuyauliza.

Katika Ulaya jambo hili lina uzito zaidi ya mtihani. Wilaya ya Kilosa imejua kwa uchungu ugomvi wa wakulima na wafugaji juu ya ardhi na maji. Mwezi Desemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, wakulima 38 waliuawa. Watoto wa pande zote mbili hukaa dawati moja, na kila mmoja amekuja na hadithi ya nyumbani kwao.

Katika shule moja ya kata hiyo tulikuwa tukimsimamia mwanachuo aliyetaka darasa la sita liigize kisa cha ng'ombe walioingia katika shamba la mahindi. Siku ya kwanza kila mtoto aliigiza upande wake. Palikuwa na kelele na fimbo, na watazamaji wakashangilia. Tulishauriana na mwanachuo yule, na siku ya pili akawabadilishia nafasi. Mtoto wa mfugaji akawa mwenye shamba. Akapita katika mistari iliyokanyagwa akihesabu kwa sauti magunia ambayo hatayapata. Mtoto wa mkulima akawa mchungaji. Akaambiwa, "Toa ng'ombe wako hapa!" Akageuka, akauliza, "Niwapeleke kunywa wapi?" Hakuna aliyemjibu. Darasa zima lilinyamaza, kisha mtoto mmoja wa wafugaji akainuka kutoka kwa watazamaji, akamwonyesha kwa kidole njia waliyokuwa wakipita zamani kabla haijalimwa.

Hatudai kwamba igizo lile lilipatanisha kijiji. Wazee wana mabaraza yao, na serikali ina kazi yake. Tunachodai ni kwamba kwa dakika 40 swali liliulizwa na mtu ambaye nyumbani kwao haliulizwi. Hotuba ya mwalimu juu ya amani isingelizaa swali lile.

Wala si jambo jipya. Penina Muhando, aliyezaliwa Berega katika Kilosa hii hii mwaka 1948, ameandika tamthilia kama Hatia na Nguzo Mama. Lakini yeye na Amandina Lihamba hawakutosheka na vitabu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walikwenda Malya, mkoani Mwanza, ambako wanakijiji walichunguza matatizo yao wenyewe, wakayaigiza na kuyajadili. Tangu mwaka 1996 njia hiyo imetumika katika shule za sekondari kwa jina la Tuseme, ili wasichana wapate kusema yale yanayowazuia kusoma.

Kwa mwalimu anayetaka kujaribu, tunapendekeza utaratibu huu:

(a) Chagua kisa kifupi chenye pande mbili, wala usitumie jina la mtu yeyote wa kijiji.
(b) Chora mpaka wa jukwaa ardhini kwa majivu, ili mtoto ajue akiuvuka amekuwa mtu mwingine, na akirudi ni yeye tena.
(c) Waache waigize mara ya kwanza bila kuwasahihisha.
(d) Badilisha nafasi, na umruhusu mtazamaji kusimamisha mchezo na kuuliza.
(e) Malizia kwa kuandika. Insha hupata maneno ambayo mdomo umekwisha kuyajaribu.

Tahadhari moja ni ya lazima: mtoto aliyeigiza adui asiachwe aende nyumbani na jina hilo. Kabla ya kengele, kila mwigizaji aitwe kwa jina lake halisi na apigiwe makofi.

Wapo watakaosema kwamba muda hautoshi na kwamba mtihani hauulizi haya. Tunajibu kwamba kipindi kimoja kwa juma hakiharibu muhtasari, na kwamba mwanafunzi aliyesimama mahali pa mhusika hahitaji kukaririshwa sifa zake. Wapo pia watakaolalamika juu ya kelele. Ni kweli, zipo; mwalimu na amwarifu mwalimu mkuu mapema, kisha awapeleke watoto chini ya mwembe.

Linabaki la mwisho, nalo latuhusu sisi wakufunzi. Mwanachuo hawezi kuwapa watoto kitu ambacho mwenyewe hajakionja. Tunamfundisha mbinu za maigizo kwa maandishi, na pengine amefika chuoni hajaona hata mchezo mmoja ukichezwa mbele yake. Basi kila chuo kiwe na mchezo mmoja kwa muhula, wanachuo wawe waigizaji, na wanakijiji wa jirani waalikwe kuwa watazamaji, wenye ruhusa ya kucheka na kujibu. Gharama yake ni ndogo: uwanja tunao, na miembe ipo.