Pigo la Tatu Sio Lazima

Wasee wa Pathfinder, tuongee kuhusu mapigo.

Sheria za zamani zilimpa mpiganaji mwenye upanga mmoja mapigo mawili kwa zamu akifika levo ya 6, na ilibidi asimame karibu pale pale. Akimkimbilia adui, anabaki na moja. Vita ikawa watu wamesimama tu kama nguzo za stima.

Toleo la pili, 2019, lilimpa kila mtu vitendo vitatu. Kutembea ni kimoja, kupiga kimoja, kuinua ngao kimoja. Hata levo ya 1 unaweza piga mara tatu. Lakini kwa silaha ya kawaida, pigo la pili unakatwa 5, la tatu 10, na dadu ni ya nyuso 20. Piga hesabu.

Kuna wenye hulia eti makato ni uonevu. Mimi naona haki. Hapa Kanduyi, msee wetu wa boda hukosa Jumamosi nyingi, so levo yake iko chini. Zamani angepiga moja akitutazama tukipiga mbili. Leo vitendo vyake ni vitatu kama vyetu, na ngao yake imeniokoa mara mingi.

Kwa hivyo ukibaki na kitendo kimoja, kabla urushe dadu, angalia nani anahitaji nafasi.