Rais Samia, Rais Hassan: jina la ukoo ni lipi?

Magazeti ya Dar es Salaam yanapoandika habari za Ikulu humwita mkuu wa nchi, Samia Suluhu Hassan, "Rais Samia". Habari hiyohiyo ikifika London au New York, mtu yuleyule anageuka kuwa "Hassan". Msomaji wa huko haoni ajabu, kwani kwake jina la mwisho ndilo la ukoo. Kwa Mtanzania, Hassan ni babu. Samia ni yeye mwenyewe, Suluhu ni baba yake, na Hassan ni baba wa baba yake. Bintiye, ambaye naye ni mwanasiasa wa Zanzibar, anaitwa Wanu Hafidh Ameir: jina lake, la baba yake, kisha la babu yake. Mama na binti hawachangii hata jina moja, na mtu wa Pwani hana swali la kuuliza.

Wa kuuliza ni karani wa uhamiaji.

Tuseme Salum Juma Khamis anaishi Hamburg na mkewe amejifungua mtoto wa kike. Wazazi wamekubaliana aitwe Asha, na hapo hakuna ubishi. Shida iko kwenye mstari unaofuata wa fomu, ule wa jina la ukoo. Pasipoti ya Salum ilijazwa zamani kwa haraka na mstari huo ukapewa neno la mwisho, Khamis. Basi mtoto anaandikwa Asha Khamis. Kwao Tanga angekuwa Asha Salum Juma, na kila atakayelisikia angejua ni binti wa Salum, mjukuu wa Mzee Juma. Katika jina la kwenye cheti cha Ujerumani baba hayumo, babu hayumo. Aliyemo ni Khamis, babu wa baba, ambaye pengine alikufa kabla Salum hajazaliwa. Na ikiwa ndugu yake Salum aliyeko Uingereza alijaza "Juma" kwenye mstari uleule, watoto wa ndugu hao wawili watakua na majina ya koo mbili tofauti, ilhali babu yao ni mmoja.

Mfano mkubwa wa jambo hili umewahi kukaa Ikulu ya Marekani. Katika nchi ya Wajaluo, Obama lilikuwa jina la mtu mmoja. Mwanawe aliitwa Onyango, jina apewalo mtoto wa kiume aliyezaliwa asubuhi jua likiwa limeshapanda, na baadaye akajulikana kama Hussein Onyango Obama. Mtoto wa Onyango, Barack, baba wa rais aliyekuja kuwa na jina hilohilo, alikwenda Hawaii kusoma mwaka 1959. Huko Obama likageuka jina la familia nzima, na leo Michelle na binti zake wawili wanalibeba jina la mzee wa Nyanza wa karne ya 19.

Wanaoumia zaidi ni watu wa Rwanda na Burundi. Kwao kila mtoto hupewa jina lake, mara nyingi lenye maneno ya kumshukuru au kumwomba Mungu: Hakizimana, Mungu ndiye anayeokoa, Ndayishimiye, namshukuru Yeye. Watoto watano wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina matano. Familia ya wakimbizi inapoomba kuunganishwa katika nchi ya ugenini, ofisa aliyezoea jina moja kwa nyumba nzima huona faili la watu wasiohusiana. Ndipo zinapoanza barua, hati za viapo, na wakati mwingine vipimo vya vinasaba. Ni dhuluma kumtaka mtu athibitishe kwa damu kile ambacho kwao kijiji kizima kinakijua. Wenye jina moja tu nao wana yao: viza ya Marekani huwaandikia herufi FNU mahali pa jina la kwanza, maana yake jina halijulikani, na wapo wanaokuja kuitwa hivyo kazini na benki.

Ni rahisi kudhani kwamba Wazungu wameishi na majina ya koo tangu zamani na sisi ndio tuliochelewa. Historia yao inasema vingine. Waholanzi wengi walilazimika kuandikisha majina ya familia chini ya Napoleon mwaka 1811. Denmark iliamuru jambo hilo mwaka 1828. Kabla ya hapo mtoto wa kiume wa Jens alikuwa Jensen na wa Niels alikuwa Nielsen, na jina likabadilika kila kizazi kama kwetu. Agizo lilipokuja majina yaliganda, ndiyo maana Jensen wa leo baba yake huenda ni Peter. Uturuki ilifuata kwa sheria ya mwaka 1934. Serikali zilitaka watu wanaohesabika kwa urahisi, kwa kodi, kwa jeshi na kwa mirathi.

Iceland haikufuata mkumbo. Mtoto wa kiume wa Jón ni Jónsson, wa kike ni Jónsdóttir, na mama yao, binti wa Ólafur, hubaki Ólafsdóttir hata baada ya ndoa, sawasawa na mwanamke wa Lamu au Pemba anayebaki na jina la baba yake. Nyumba moja, watu wanne, majina ya mwisho manne. Vigdís Finnbogadóttir, aliyekuwa rais kuanzia 1980 hadi 1996, wananchi walimwita Vigdís, kama Watanzania wanavyomwita Samia. Hata kitabu cha simu kilipangwa kwa jina la kwanza. Uhuru una mipaka yake: tangu 1991 ipo kamati ya taifa inayoamua kama jina jipya linafaa sarufi ya lugha yao. Shangazi wa Kiswahili angeiona kamati hiyo kuwa inamwingilia kazi yake ya kutoa majina. Ila jambo kubwa limethibitika pale: nchi tajiri, yenye benki, shule na hospitali, inaendeshwa vizuri na watu ambao wengi wao hawana jina la ukoo.

Waswahili walioko Muscat wana nafuu, maana Oman hutambua jina, bin baba, bin babu, kisha kabila. Walioko Ulaya na Amerika itawabidi wajipange mapema. Enyi wazazi, amueni jina la ukoo kabla mtoto hajazaliwa, na liwe hilohilo kwa watoto wote. Wapigieni simu ndugu zenu walioko nchi nyingine mkubaliane. Uingereza na Marekani huruhusu jina la kati, basi liwekeni la baba hapo: Asha Salum Khamis. Chagueni tahajia moja, Khamis au Hamisi, mwishikilie katika kila hati. Na kama Mzee Juma yu hai, aulizwe kabla fomu haijatiwa saini.