Tulimwambia Haitauma



Katika gazeti hili sisi makapita huandika juu ya kengele na usafi wa mabweni, yaani makosa ya wengine. Leo tunaandika juu ya kosa letu wenyewe.

Muhula uliopita tulitumwa, sisi wawili wa mwaka wa sita, kumpeleka mtoto wa mlinzi kwa munganga wa meno hapa Kolwezi. Baba alikuwa kazini, mama alikuwa amejifungua juzi tu. Mtoto ana miaka saba, na siku tatu hakulala kwa sababu ya jino la nyuma. Njiani akauliza: “Bayaya, itauma?” Tukajibu kwa pamoja: “Hapana, hata kidogo! Atakuangalia tu.” Tulitaka anyamaze, maana watu wa barabarani walikuwa wanatutazama.

Kumbe sindano ikaletwa. Mtoto akapiga kelele. Mmoja wetu akamshika mikono, mwingine miguu, kama mbuzi wa sikukuu. Akamuuma munganga kidole. Tukarudi na jino lile lile. Njiani hakulia tena. Alisema neno moja tu: “Mulinidanganya.” Kisha akavuka, akatembea upande wa pili wa barabara peke yake.

Baada ya juma moja shavu lilivimba mpaka jicho likaanza kufunga. Ndipo tukaogopa kweli. Usaha wa jino ukienea unaweza kuua mtoto. Tena, palipo na usaha nyama inakuwa na asidi, na dawa ya ganzi inapoteza nguvu. Basi uongo wetu mdogo ulimwongezea uchungu mara mbili.

Safari ya pili baba alikuja naye, na sisi tukafuata nyuma. Kwanza mtoto alipewa dawa ya kupunguza uvimbe. Aliporudi, mama mmoja mwuguzi akatuambia sisi tukae pembeni. Akamwonyesha mtoto kioo kidogo, akakigusisha kwenye ukucha wake. Akasema: “Mwanangu, nakuambia ya kweli. Shindano itauma kidogo, tutahesabu pamoja mpaka kumi. Kisha mudomo utalala. Utasikia nasukuma, lakini haitauma kama vile. Ukiinua mukono, naacha.”

Kazi ikaanza, mtoto akainua mkono. Mama akaacha mara moja. “Inauma?” “Hapana.” Alikuwa anampima tu, aone kama neno lake ni la kweli! Akainua tena, mama akaacha tena. Mara ya tatu hakuinua, na jino likatoka. Hakuna aliyemshika.

Tulirudi tukasoma na kuuliza. Dawa ya ganzi inayotumika sana, lidokaini, ilitengenezwa Sweden mwaka 1943. Kwa hiyo hakuna sababu ya kung'oa jino la mtoto akiwa macho bila ganzi. Na hapa jirani, Tanzania, katikati ya miaka ya 1980, munganga Jo Frencken na wenzake walianza njia ya kusafisha jino lililooza kwa vyombo vya mkono tu, bila mashine, na mara nyingi bila sindano, kisha kuliziba kwa saruji ya meno. Shirika la Afya Duniani liliitangaza njia hiyo mwaka 1994. Lakini inafaa jino likiwahiwa, kabla halijaoza mpaka ndani.

Basi ninyi wenye wadogo nyumbani, shikeni haya. Jino likianza kuuma, msingoje shavu livimbe. Parasetamoli hupimwa kwa uzito: mtoto wa kilo 20 hupata miligramu 200 mpaka 300, si zaidi ya mara nne kwa siku. Aspirini msimpe mtoto, wala msiiweke juu ya ufizi, kwa maana inaunguza nyama. Akitoka kwa munganga, asile mpaka ganzi iishe, asije akajiuma mdomo. Na msitishe watoto kwa kusema: “Ukikosa adabu tutakupeleka kupigwa shindano.”

Zaidi ya yote, msiwaambie kwamba haitauma. Mtoto anaweza kuvumilia uchungu aliotangaziwa. Ule wa kushtukizwa hauvumilii. Tunafundishwa ukweli kila asubuhi katika ibada, lakini tulidhani ukweli ni kwa wakubwa tu.

Mtoto yule sasa anatusalimu. Lakini hata tukimwambia kwamba mama yake anamwita, anasimama kwanza, anatutazama usoni, anauliza: “Ya kweli?” Tunajibu: “Ya kweli.” Ndipo anakwenda.

Ni sisi makapita wenu wa mwaka wa sita.