Grappa ya Wataliano na lutuku yetu

Kijana mmoja hapa Tunda aliniuliza: "Muandishi, grappa ni kitu gani?" Neno alilikuta kwenye simu.

Grappa ni pombe kali ya Wataliano. Wakiisha kukamua zabibu kwa ajili ya mvinyo, yanabaki maganda na mbegu. Wakulima maskini wa kaskazini, upande wa Veneto na Piemonte, hawakuyatupa. Waliyachemsha, mvuke ukapozwa, ukadondoka pombe. Mjini Bassano del Grappa, jamaa ya Nardini ilianza biashara hiyo mwaka 1779. Leo sheria ya Ulaya inalinda jina lake.

Mtu wa Maniema atasema: si ni lutuku hiyo? Ni ndugu yake kweli. Tofauti iko mwanzoni. Zabibu ina sukari tayari, muhogo una wanga tu. Ndiyo sababu mama zetu wanaotesha mahindi kwanza, wanayakausha, wanayatwanga na kuyachanganya na muhogo: mahindi yaliyoota ndiyo yanageuza wanga kuwa sukari. Inachacha siku kadhaa, kisha pipa linapanda motoni na tiyo inapita ndani ya maji baridi. Hakuna shule iliyowafundisha. Mimi mama yangu alinilipia sekondari hivyo, na masomo ya uandishi pia, chupa moja moja. Kwa hiyo msinitegemee kuwatukana wapishi.

Sasa kwa nini moja inauzwa dukani kwa heshima na nyingine inafichwa? Mwaka 1919, kwa mkataba wa Saint-Germain, wakoloni walikataza kutengeneza pombe za kuchemshwa katika sehemu kubwa ya Afrika. Kazi ya mama ikawa kosa. Mpaka leo, askari akisikika, pipa linakimbizwa porini.

Lakini kuna jambo moja la Wataliano ningependa tulichukue. Matone ya kwanza wanayaita kichwa, ya katikati moyo, ya mwisho mkia, na wanabakiza moyo tu. Kichwa kinabeba vitu vinavyochemka haraka, metanoli ikiwemo: yenyewe inachemka kwa digrii 65, pombe ya kawaida kwa 78. Metanoli ikizidi inapofusha macho. Kwetu matone hayo ndiyo yanasifiwa, eti yana nguvu, na wanywaji wanayagombania.

Mama yangu aliyamwaga chini kila mara. Wateja walinung'unika, lakini kesho yake walirudi na chupa zao.