Vitu Vinne Ninavyovipenda

Mimi ni mkulima. Nakaa kijijini, katika wilaya ya Muheza, mkoa wa Tanga. Nilizaliwa mwaka 1967. Mwaka 1977 Serikali ilitaka watoto wote waliofika umri wa shule waandikishwe. Wenzangu walikwenda. Mimi nilibaki nyumbani, kwa sababu bibi yangu alikuwa mgonjwa na hapakuwa na mtu mwingine wa kumchotea maji. Basi nilianza kushika kalamu nikiwa tayari nina wajukuu.

Siku moja mwalimu wetu wa kisomo aliandika ubaoni: "Andika vitu vinne unavyovipenda. Chakula, muziki, kitabu na mchezo." Nilifurahi. Niliona kazi hii ni rahisi. Niliandika hivi: chakula, wali na nyama ya mbuzi. Muziki, dansi. Mchezo, mpira wa miguu. Mahali pa kitabu niliacha wazi.

Mwalimu alilisoma daftari langu. Yeye ni binti mdogo, sawa na mwanangu wa mwisho. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Samahani mama, mpira unaupenda wewe?"

Nikanyamaza. Anayependa mpira ni mume wangu. Wali na nyama ya mbuzi ni chakula chake. Dansi ni muziki wake. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu, lakini niliandika mambo ya mtu mwingine.

"Nenda ukaandike tena, mama," alisema mwalimu. "Hakuna haraka."

Usiku ule sikupata usingizi. Nilijiuliza, "Hivi mimi napenda nini?" Nimeolewa miaka 38. Mume wangu si mtu mbaya, na hajanikataza kupenda kitu. Ila kila siku nilifikiri: baba anataka nini, watoto wanataka nini, wageni watakula nini. Ya kwangu niliyaweka pembeni, mpaka nikayasahau.

Ilinichukua wiki nzima kuyakumbuka. Haya ndiyo niliyoyaandika mara ya pili.

Kitu cha kwanza ni bada. Bada ni ugali wa unga wa muhogo. Bibi yangu ndiye aliyenifundisha kuipika. Muhogo haukuwako kwetu tangu zamani. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na Wareno ndio waliouleta Afrika. Lakini sasa ni wetu kabisa. Huvumilia ukame, na mkulima anaweza kuuacha ardhini mpaka siku atakapouhitaji.

Bibi alikuwa na muhogo mchungu shambani. Muhogo huo una sumu. Alinionya nisifanye haraka. Kwanza tuliumenya na kuupasua. Kisha tuliuloweka majini siku 3 au 4. Halafu tuliuanika juani mpaka ukakauka kabisa. Hayo ndiyo makopa. Tuliyatwanga kinuni, tukachekecha unga, tukasonga. Mtu akiruka hatua hizo, muhogo mchungu unaweza kumdhuru, hata kumwua.

Bada peke yake hutia nguvu tu. Haijengi mwili. Kwa hiyo bibi aliipakua na papa mkavu wa nazi, au kunde, au dagaa. Nikinusa harufu ya papa na nazi, namwona bibi ameketi juu ya mbuzi anakuna nazi.

Kwa nini niliacha kuipika? Mume wangu alikulia katika shida. Mwaka mmoja wa njaa walikula bada bila kitoweo, mchana na usiku. Tulipooana aliniambia, "Mke wangu, chakula cha dhiki kisiingie nyumbani mwangu." Nilimwelewa. Lakini chakula alichokiita cha dhiki, kwangu kilikuwa chakula cha upendo. Sikumwambia hata siku moja.

Kitu cha pili ni taarabu ya zamani, hasa sauti ya Siti binti Saad. Nilipokuwa mtoto niliisikia sauti hiyo katika redio ya jirani. Sikujua ni nani. Nilisimama tu na ndoo yangu kichwani, nikasikiliza. Siku hizi mjukuu wangu amenitafutia nyimbo zake katika simu. Santuri zenyewe ni za zamani sana, zinakwaruza. Lakini sauti inapita katikati ya mikwaruzo na kufika.

Kitu cha tatu ni kitabu. Nilipomwambia mwalimu kuhusu Siti, alicheka, akasema, "Mama, huyo ameandikiwa kitabu." Alikileta kutoka mjini. Kinaitwa Wasifu wa Siti binti Saad. Aliyekiandika ni Shaaban Robert, mtu wa kwetu Tanga. Alizaliwa mwaka 1909 katika kijiji cha Vibambani, akafariki mwaka 1962.

Kiswahili chake si chepesi kwa mwanafunzi kama mimi. Nilisoma ukurasa mmoja kila usiku, kidole changu kikiwa chini ya mstari. Maneno mengine nilimwuliza mwalimu. Nilianza wakati wa mavuno, nikamaliza masika.

Nilijifunza mambo mengi. Siti alizaliwa katika kijiji cha Fumba, kisiwani Unguja. Wazazi wake walikuwa watu maskini. Alibeba vyungu kichwani, akaenda kuviuza huku akinadi kwa sauti yake nzuri. Baadaye alihamia mjini, akafundishwa kuimba. Zamani taarabu ya jumba la Sultani iliimbwa kwa Kiarabu. Siti aliimba kwa Kiswahili, watu wa kawaida wakaelewa. Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay, Bara Hindi, nyimbo zake zikatiwa katika santuri. Alifariki mwaka 1950.

Jambo moja lilinishangaza. Siti hakujua kusoma. Nyimbo alizishika kwa kichwa. Mume wangu aliposikia hivyo, alisema, "Unaona, mama watoto? Siti hakusoma, na alifika Bombay. Wewe unahangaika na kitabu cha nini?"

Nilikaa nikalifikiria neno lake. Lilikuwa na ukweli ndani yake. Kesho yake nikamjibu, "Baba watoto, ni kweli Siti hakusoma. Lakini kama asingepatikana mtu wa kuandika habari zake, mimi na wewe tungesikia sauti tu. Tusingejua kwamba alipita njiani na vyungu kichwani. Na bibi yangu je? Yeye hakuandikwa na mtu. Nikifa mimi, nani atajua aliyonifundisha?"

Mume wangu hakusema kitu. Alichukua kofia yake akatoka.

Kitu cha nne ni bao. Utashangaa, kwa sababu pale kijijini bao huchezwa na wanaume barazani. Lakini babu yangu hakuwa na mwenzi wa kucheza naye, basi alinifundisha mimi. Bao letu lina mistari 4, na kila mstari una mashimo 8. Kete ni 64, kila mchezaji 32. Mwanzoni mchezaji hupanga kete 10 tu, na kati ya hizo 6 hukaa katika shimo linaloitwa nyumba. Zile 22 zilizobaki hushikwa, zikaingizwa moja moja. Lazima uone mbali. Kabla hujatia kete moja, ujue ya mwisho itaangukia wapi. Mimi nilijua hesabu za bao miaka mingi kabla ya kujua kuandika tarakimu.

Basi nilimpelekea mwalimu daftari. Alisoma taratibu mpaka mwisho. Akanirudishia, akasema, "Sasa nimekujua, mama."

Ijumaa iliyofuata nilipika bada na papa wa nazi. Nilipika na wali katika sufuria nyingine. Mume wangu aliuliza, "Leo kuna mgeni?" Nikamjibu, "Hapana. Bada ni yangu." Alinitazama kwa muda. Kisha akanawa, akamega tonge moja, akachovya, akala. Akasema, "Bado siipendi." Tukacheka sana. Yeye akala wali wake, mimi nikala bada yangu. Nyumba haikuanguka.

Baada ya kula aliuliza kitu kimoja tu. "Kile kitabu, alipokwenda Bombay ilikuwaje?" Nikawasha taa, nikamsomea. Nilikwama mara mbili, akaningoja.

Siku hizi jioni tunacheza bao uani. Mara ya kwanza nilipomfunga, aliduwaa. "Miaka yote hii hukuniambia kama unajua bao!" Nikamjibu, "Nawe hukuniuliza. Tumekosa wote wawili."

Ndugu msomaji, watu husema kisomo ni kwa ajili ya kusoma barua na kuhesabu fedha za mazao. Ni kweli, na ni faida kubwa. Lakini mimi nimepata na faida nyingine. Kalamu iliniuliza mimi ni nani, na sikuweza kulijibu swali hilo kwa jina la mtu mwingine. Kupenda anachokipenda mwenzako ni wema. Lakini mwenzako naye anapaswa kujua unachokipenda wewe, na hawezi kujua usipomwambia.

Chukua daftari lako leo. Andika vitu vyako vinne. Kisha msomee mtu mmoja wa nyumbani mwako.

Maswali

1. Kwa nini mwandishi hakwenda shule alipokuwa mtoto?
2. Taja hatua za kutengeneza makopa. Kwa nini mtu asiruke hatua hata moja?
3. Mume alisema Siti hakusoma lakini alifika Bombay. Wewe ungemjibu nini?
4. Je, watu wa nyumbani mwako wanajua unachokipenda? Jadilianeni darasani.