Mistari Myeusi na Kanda ya Nyanya

Leo nina kisa cha aibu kidogo. Naandika programu za kompyuta kwa riziki yangu, kwa hivyo kosa nitakalowasimulia ni la mtu aliyepaswa kujua. Someni, huenda likamwokoa mmoja wenu.

Desemba iliyopita nilikwenda nyumbani kwa mama nikiwa na kanda tatu za VHS nilizokuwa nimezigeuza kuwa faili za kompyuta. Mjomba alizirekodi kati ya 1993 na 1996, enzi ambazo mwenye kamera ya video alialikwa kwa kila harusi hata kama hamjuani. Nikachomeka flashi kwenye runinga mpya ya shemeji yangu, inchi 43, ukoo mzima umeketi na chai mkononi. Nyanya, aliyetuacha mwaka 2003, akatokea kwenye kioo. Mama akamtazama kidogo, kisha akanigeukia.

"Mwanangu, huyu si mama yangu. Mama hakuwa mnene hivi."

Alisema kweli. Picha ya kanda zile ni ya 4:3, yaani sehemu 4 za upana kwa sehemu 3 za kimo, kama zilivyokuwa runinga zetu zote za zamani zenye kisogo. Kioo cha leo ni 16:9. Runinga ya shemeji ilikuwa imewekwa ivute kila picha hadi ijaze kioo, basi kila kitu kikapanuka kwa theluthi moja. Saa ya ukutani ilikuwa imegeuka yai. Nikachukua rimoti, nikaingia kwenye mipangilio ya picha, nikarudisha umbo la asili. Nyanya akawa nyanya tena.

Lakini sasa pande mbili za kioo zikawa nyeusi, na shemeji akaja juu. "Shemeji, mimi nimelipia inchi 43. Mbona unanipa nusu?"

Si nusu. Picha ya 4:3 ndani ya kioo cha inchi 43 hupata kama inchi 35 kutoka pembe hadi pembe. Lakini jaribu kumweleza hivyo mtu ambaye bado analipia runinga yenyewe.

Kwani haya maumbo yametoka wapi? Umbo la 4:3 lilitokea katika karakana ya Thomas Edison miaka ya 1890. Mfanyakazi wake William Dickson alichukua filamu ya upana wa milimita 35, akaipa kila picha matundu manne ya pembeni. Mwaka 1932 Hollywood ilikubaliana juu ya 1.37:1, karibu sawa na lile la kwanza, na runinga ilipokuja ikafuata mkondo huo.

Kisha runinga ikaanza kuwanyang'anya wenye sinema wateja wao. Hollywood ikatafuta kitu ambacho sebule haikuwa nacho, na jibu likawa upana. Mwaka 1953 kampuni ya 20th Century Fox ikatoa The Robe kwa mtindo wa CinemaScope, picha ambayo upana wake ulizidi mara mbili na nusu ya kimo. Wengine wakafuata, kila mmoja na kipimo chake. Filamu nyingi za leo ni 1.85:1 au 2.39:1.

Na 16:9 je? Hilo ni suluhu ya wahandisi. Miaka ya 1980 mhandisi Mmarekani Kerns Powers alipanga mistatili ya maumbo yote yaliyokuwa yakitumika, yenye eneo sawa, akatafuta umbo ambalo lingeyabeba yote bila kupoteza nafasi nyingi. Likatoka 16:9, ambalo liko katikati ya 4:3 na filamu pana. Kwa maneno mengine, ndugu msomaji, runinga yako ilitengenezwa ikijua kwamba mara nyingi itaonyesha mistari myeusi. Filamu ya 2.39:1 itaacha karibu robo ya kioo ikiwa nyeusi juu na chini. Si ubovu, wala hujaibiwa.

Turudi sebuleni. Usiku ule, kwa kutaka kumfurahisha shemeji, nilifungua kompyuta nikaandika skripti ndogo ya kutumia ffmpeg. Kazi yake: pitia kila faili, kata juu na chini mpaka picha iwe 16:9, hifadhi mpya, futa ya zamani. Ndiyo, futa. Diski yangu ilikuwa inakaribia kujaa, na faili ghafi za video ni nzito. Nikalala nikijipongeza.

Asubuhi mambo yalikuwa safi. Kioo kimejaa, hakuna mnene, saa ya ukutani ni duara kabisa. Shemeji akapiga makofi. Nami kipimo changu kilikuwa hicho hicho: duara likibaki duara, picha iko sawa.

Tukafika kanda ya tatu. Nyanya ameketi kwenye kigoda mbele ya nyumba, anasuka kiondo huku akiongea na mjomba. Uso uko juu ya picha, mabega yanatikisika. Binti yangu wa miaka saba akauliza, "Huyu nyanya anafanya nini?"

Mama akasema, "Anasuka." Akanyamaza, kisha akaniuliza, "Mikono imeenda wapi?"

Mikono ilikuwa chini kabisa ya picha. Ukikata 4:3 kuwa 16:9 unatupa robo nzima ya picha, nusu yake kutoka juu na nusu kutoka chini. Nilikuwa nimeitupa mikono ya nyanya pamoja na kiondo chenyewe.

Nimelifikiria jambo hili sana tangu siku hiyo. Picha iliyovutwa ina kosa linaloonekana, hata mama asiyejua pikseli ni nini aliliona papo hapo, na kulirekebisha ni kubonyeza rimoti. Picha iliyokatwa inapendeza. Hakuna kitu ndani yake kinachokwambia kuna kilichopotea, mpaka aje mtu aliyekuwepo siku ile.

Na si mimi peke yangu. Disney+ ilipoanza mwaka 2019 ilionyesha vipindi vya zamani vya The Simpsons vikiwa vimekatwa kuwa 16:9. Katika kimoja kuna mzaha wa mapipa matatu ya bia, kila moja na jina lake, na yote yanajazwa na bomba moja lililo juu. Waliokata walikata bomba, mzaha ukafa. Mashabiki wakapiga kelele, na mwaka 2020 chaguo la 4:3 likarudishwa. Wao walikuwa na faili asili za kurudia.

Mimi nilirudi kwa kanda. Mbili zilikubali, nikazinasa upya. Ya tatu, ile ya kiondo, deki kuukuu niliyoazima ilikuwa imeitafuna mwishoni mwa safari ya kwanza. Nilimpelekea fundi, akaunganisha utepe, lakini dakika zile zimekunjamana, zinatoa chenga tupu. Kilichobaki ni ile niliyoikata.

Nilimwomba mama msamaha. Akasema, "Mimi mikono yake naikumbuka. Ni hawa watoto ambao hawakuiona."

Basi, kama una kanda za wazee kabatini, fanya hivi. Nasa picha nzima kama ilivyo na uiweke nakala mbili mahali pawili tofauti. Usifute faili ghafi kwa sababu ya nafasi, diski hununuliwa. Ukitaka kujaza kioo, tumia kitufe cha runinga, si mkasi wa programu, maana kitufe hurudishwa. Na runinga yenyewe, tafuta kipimo cha duara: sahani, gurudumu, saa. Duara likiwa yai, badilisha mpangilio. Duara likiwa duara, bado uliza kama kuna kilichokatwa.

Shemeji sasa anatazama kanda mbili zile na mistari yake myeusi, halalamiki tena. Mama naye ameanza kumfundisha binti yangu kusuka. Safari hii narekodi kwa simu, nimeishika kwa upana, na kabla sijabonyeza nahakikisha mikono imo.