Jenerali Ogolla na Video Yangu ya Sekunde 40

Wasee, hii nimeiandika nikaifuta mara tatu. Leo naiposti vile iko.

Alhamisi, tarehe 18 Aprili 2024, jioni. Niko kwa bedsita yangu, nimeacha kampo miezi minne na mathe bado anadhani naenda darasani. Habari ikaingia kwamba helikopta ya jeshi imeanguka Marakwet Mashariki na Mkuu wa Majeshi, Jenerali Francis Ogolla, alikuwa ndani. Rais Ruto alipomaliza kutangaza kifo chake, mimi nilikuwa nishavaa hudi nyeusi, nishazima taa, simu nimeiegemeza kwa sufuria. Nikanong'ona: "Unadhani hiyo ni ajali? Fikiria tena."

Sekunde 40 tu. Hiyo ndiyo video yangu ya kwanza kupita watazamaji laki moja.

Ukweli ni kwamba sikuwa namjua huyo mtu. Jina lake nilikuwa nimelisikia kwenye ile vurugu ya Bomas, uchaguzi wa 2022, basi. Sikuwa na ushahidi wowote. Nilikuwa na hudi.

Ijumaa msichana mmoja akaandika chini ya video: "Baba yangu ni mwanajeshi na hupanda hizo ndege. Mama ameona hii yako na hajalala. Tafadhali itoe." Nilisoma. Sikumjibu. Sikuitoa pia, juu wafuasi walikuwa wanaongezeka kila nikifungua simu. Niliitoa Jumanne, ikiwa ishapoa. Mpaka leo hiyo ndiyo sehemu inanipa aibu.

Kilichonitoa usingizini ni mazishi. Jumapili, siku ya tatu tu, Jenerali alizikwa kwao Siaya bila jeneza, vile alivyokuwa ameagiza mwenyewe. Mkuu wa jeshi zima, na hakutaka mwili ukae mochari wiki mbili watu wakichanga. Nikajiuliza, huyu alikuwa mtu wa aina gani? Ndio nikaanza kusoma, siku tatu baada ya kujifanya mtaalamu wake.

Alizaliwa 1962, akajiunga na jeshi Aprili 1984, akiwa na miaka 22. Mimi niko hapo hapo saa hii. Halafu angalia aliingia wapi. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, serikali ilikuwa imelivunja Jeshi la Anga. Hata jina lilichukuliwa, likawa linaitwa '82 Air Force, na lile la Kenya Air Force halikurudi hadi 1994. Yaani kijana wa 22 anaenda kujenga maisha mahali ambapo hata jina limenyang'anywa.

Mwaka wa 1985 akapata cheo cha chini kabisa cha afisa. Akafunzwa na Jeshi la Anga la Marekani kuwa rubani wa ndege za kivita, baadaye akawa mwalimu wa marubani wengine. Akapanda ngazi moja moja. Kamanda wa Jeshi la Anga akawa 2018, yaani miaka 34 baada ya kuingia. Mkuu wa Majeshi akawa Aprili 2023. Huko juu kabisa hakumaliza hata mwaka.

Kuna kitu kimoja kilinikata maini. Kati ya vitu alivyosomea ni uchunguzi wa ajali za ndege. Kumbe kuna watu husomea hiyo kazi, na huanza na mabaki ya ndege, si hitimisho. Mimi nilikuwa nimeimaliza kabla mathe hajaivisha ugali.

Na siku hiyo alikuwa ametoka wapi? Shuleni. Ujambazi wa Bonde la Ufa Kaskazini ulikuwa umefunga shule, na jeshi lilikuwa linazikarabati ili watoto warudi. Alikuwa ameenda kuona wanajeshi na hiyo kazi. Ile Huey, helikopta ya aina iliyojulikana sana Vita vya Vietnam, ilikuwa imetoka kupaa kutoka shule ya wavulana ya Cheptulel, Pokot Magharibi. Ikaanguka muda mfupi baadaye. Alikufa pamoja na wanajeshi wengine tisa. Wawili waliokolewa wakiwa hai. Hao tisa mimi sikuwataja hata kwa sekunde moja kati ya zile 40.

Sasa usidhani nakuambia rudi shule. Mimi mwenyewe sijarudi. Niliacha juu sikuwa naona mwisho wake, na bado sijauona. Pia sisemi tusiulize serikali maswali. Mkuu wa Majeshi akianguka na ndege, lazima tuulize, na kwa sauti. Lakini kuuliza ni kusubiri jibu. Mimi sikuwa nauliza. Nilikuwa nauza.

Nilichojifunza kwake ni kidogo tu. Nilidhani kuacha kampo ni kuruka foleni. Lakini huyu mtu alikaa miaka 34 kabla watu kama mimi tuanze kusikia jina lake, na hiyo miaka ndiyo ilikuwa kazi yenyewe.

Mathe nilimwambia mwezi uliofuata. Alinyamaza sana, kisha akauliza, "Sasa hiyo kazi yako unaifanya vizuri?" Sikuwa na jibu.

Siku hizi kabla sijaposti kitu kuhusu mtu aliyekufa, nalala nayo usiku mmoja. Nimepoteza watazamaji kwa sababu hiyo, sitakudanganya.

Na yule msichana, kama bado uko hapa: nilisoma ujumbe wako siku ile ile. Pole. Natumai buda yuko sawa.